Binti yangu yuko gredi ya 10, SAT aifanye lini?

Swali: "Mwalimu, sisi tuko Grand Rapids, Michigan, tulifika miaka minne iliyopita kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Binti yangu mkubwa yuko gredi ya 10. Mwezi wa nne walifanya shuleni mtihani unaitwa PSAT, majibu yametoka juzi, amepata 900, hesabu 490 na Kiingereza 410. Mama mmoja wa kanisani, mtoto wake alishafanya SAT akiwa gredi ya 9, ameniambia hiyo 900 ni kufeli na tumeshachelewa, nimwandikishe haraka afanye ya mwezi wa nane. Shemeji yangu anasema hapana, huo ni mtihani wa kumaliza shule, unafanywa mwisho kabisa baada ya gredi ya 12. Mtoto mwenyewe halali, usiku namsikia analia. Na mtihani ni Jumamosi, sisi ni Wasabato. Na pesa hakuna. Aufanye lini?"

Mama, pole sana, na umpe pole binti. Nitakupa tarehe, tena tarehe kamili, lakini nianze na hiyo 900 maana nahisi ndo inayomnyima usingizi.

Binti yako hajafeli. Kwenye PSAT, ule mtihani wa maandalizi ya SAT, hamna kufeli, na kwenye SAT yenyewe, mtihani wa kuombea chuo, pia hamna, hakuna mahali popote wameandika ukifika hapa umepita na usipofika umeanguka. Kilichopo ni kiwango cha kujipima ambacho College Board, hao wenye mtihani, wamekiweka kwa kila gredi. Kwa mtoto wa gredi ya 10 kiwango hicho ni 480 upande wa hesabu na 430 upande wa kusoma na kuandika. Sasa chukua karatasi yake. Hesabu ana 490, amekivuka. Kiingereza ana 410, amepungukiwa pointi 20, na tunamzungumzia mtoto ambaye miaka minne iliyopita alikuwa Nyarugusu akisoma kwa Kifaransa na Kiswahili! Pointi 20 ni maswali machache tu mama. Leo jioni kaa naye mezani, andika hizo namba nne kwenye karatasi, zake mbili na za kiwango mbili, azione kwa macho yake mwenyewe.

Hofu yenu naijua inakotoka. Wengi wetu tumekulia kwenye mtihani mmoja wa mwisho. Exetat kule Kongo, kidato cha nne na cha sita Tanzania, KCSE Kenya, unasoma miaka yote halafu unaingia chumbani na matokeo yakitoka ukoo mzima unasubiri. Kwa hiyo tukisikia neno mtihani kichwa kinaenda huko huko. SAT haiko hivyo. Diploma ya high school binti yako ataipata kwa kufaulu masomo yake darasani, gredi hadi gredi, SAT haimpi hiyo diploma wala haimnyang'anyi. SAT ni kipande kimoja cha maombi ya chuo, kama barua moja kati ya barua kadhaa anazotuma, na akiona hajaipenda anaifanya tena.

Ndo maana shemeji yako, na najua anawatakia mema, hapo amekosea, na hili kosa nimeliona likiwagharimu watoto wazuri kabisa. Akisubiri mpaka amalize gredi ya 12, maombi ya vyuo vingi yatakuwa yamefungwa zamani. Hapa Marekani mtoto anaomba chuo akiwa bado yuko gredi ya 12, tena mwanzoni mwanzoni. Fomu ya Common App inayotumiwa na vyuo vingi inafunguliwa tarehe 1 Agosti. University of Michigan, kwa mfano, maombi ya mapema mwisho wake ni tarehe 1 Novemba, ya kawaida ni tarehe 1 Februari. Kwa hiyo ukitaka kupanga SAT usianze kuhesabu kuanzia leo kwenda mbele, simama kwenye tarehe 1 Novemba ya gredi yake ya 12 halafu rudi nyuma. Mpaka siku hiyo majibu yake yote yawe yameshatoka. Kutoka leo mpaka hapo ana karibu miezi 18, hajachelewa hata kidogo.

Na huyu mama wa kanisani? Mtoto wake kufanya gredi ya 9 si dhambi, labda alikuwa na sababu zake. Ila wa kwako nisingemwandikisha mwezi wa nane huu, na nataka uelewe sababu maana watu wengine watakuja kukushauri tofauti.

Sababu ya kwanza ni hesabu zenyewe. Mtihani haupimi akili aliyozaliwa nayo, unapima vitu alivyofundishwa, na vinafundishwa kwa mpangilio: mtoto wa kawaida hapa anasoma aljebra ya kwanza gredi ya 9, jometri gredi ya 10, aljebra ya pili gredi ya 11. Kama theluthi moja ya maswali ya hesabu kwenye SAT wanaiita hesabu za juu, na sehemu kubwa ya hizo anazikuta kwenye aljebra ya pili ambayo binti yako bado hajaigusa. Nikupe swali la aina hiyo, hata kama hesabu si zako muonyeshe yeye: x³ − 4x² + x + 6, je x − 2 inaigawanya bila kubaki kitu? Mtoto aliyepita aljebra ya pili anaweka 2 mahali pa x, 8 toa 16 jumlisha 2 jumlisha 6, inakuja sifuri, jibu ni ndiyo, sekunde ishirini. Au anaiandika kwenye ile kalkuleta ya Desmos iliyo ndani ya mtihani, grafu inachoreka na anaona mstari unakata kwenye −1, 2 na 3. Mtoto ambaye hajafika huko ana akili hiyo hiyo, lakini atakaa analitazama swali mpaka muda uishe halafu atoke anasema mimi ni mjinga. Sitaki binti yako ajiambie hivyo kwa sababu ya kalenda tu.

Kwa hiyo kitu cha kumuuliza kaunsela, yule mshauri wa wanafunzi shuleni, wiki hii ni kimoja: mwakani binti yangu anasoma hesabu gani? Kama ni aljebra ya pili, mpango nitakaokupa hapa chini unakaa sawa. Kama walimchelewesha kwa ajili ya lugha, na hili linawapata watoto wengi wanaofika wakiwa wakubwa, basi uliza kama anaweza kusoma jometri au aljebra ya pili wakati wa likizo ili aunganishe. Hilo lina faida kuliko kozi yoyote ya SAT ya kulipia.

Sababu ya pili ni Kiingereza. Watafiti wa lugha wanasema mtoto anapata Kiingereza cha kuongea na wenzake ndani ya miaka kama miwili, lakini Kiingereza cha vitabu, kile cha makala ya sayansi na historia, kinachukua miaka mitano hadi saba. Wewe unamsikia anaongea na simu kama Mmarekani, halafu unashangaa mbona 410. Ni vitu viwili tofauti. Yeye ana miaka minne. Mwakani mwezi wa nne atakuwa na mitano, na mwezi wa kumi wa gredi ya 12 atakuwa na mitano na nusu hivi. Kila miezi sita unayompa hapa anafaidika zaidi kuliko mtoto aliyezaliwa hapa, kwa sababu yeye lugha yake bado inakua kwa kasi. Ndo maana kumkimbiza sasa ni kumpima wakati mbaya.

Haya, mpango.

Mara ya kwanza ni mwezi wa nne mwakani, gredi ya 11, na hii hata hujiandikishi. Michigan inawafanyisha SAT wanafunzi wote wa gredi ya 11 shuleni kwao, siku ya kazi, bure, na ni SAT kamili ambayo anaweza kuituma chuo. Angalia imeshakutatulia mangapi hapo: haiko Jumamosi, haina ada, na anafanyia kwenye jengo analolijua. Na kuna jambo ambalo wazazi wetu wengi hawaambiwi. Kama bado yuko kwenye programu ya wanaojifunza Kiingereza, wanaiita EL, shule inaweza kumwombea muda wa ziada nusu tena ya ule wa kawaida, na kamusi ya neno kwa neno iliyokubaliwa, na maelekezo yaliyotafsiriwa. Hiyo ni kwa mtihani wa shuleni, kwenye ule wa wikiendi kuwa EL peke yake hakumpi muda wa ziada. Kwa hiyo kwa binti yako mtihani wa mwezi wa nne una thamani kubwa, usiuchukulie kama wa majaribio. Mwezi wa kwanza hivi mtafute mwalimu wake wa EL, umuulize ameshamwombea au bado.

Mara ya pili ni mwezi wa nane, kabla gredi ya 12 haijaanza. Napenda sana huu mwezi kwa sababu hana homework, ametoka kumaliza aljebra ya pili, na ana likizo nzima ya kurekebisha yale majibu ya mwezi wa nne yaliyomwonyesha alikosea wapi. Mara ya tatu, kama itahitajika, ni mwezi wa kumi, majibu yanatoka ndani ya wiki kama mbili hivi kwa hiyo yanawahi tarehe 1 Novemba. Hapo aishie. Vyuo vingi vinachukua alama yake bora ya hesabu kutoka siku moja na alama yake bora ya kusoma kutoka siku nyingine wanaziunganisha, ndo faida ya kurudia, lakini kuanzia mara ya nne mara nyingi unaongeza uchovu tu. Vipo vyuo vichache, Georgetown ni kimojawapo, vinavyotaka waone alama zote za siku zote, na hiyo nayo ni sababu ya kutokwenda kwenye mtihani bila kujiandaa eti kujaribu bahati.

Kuhusu pesa. SAT ya wikiendi ni dola 68 kwa sasa, na naelewa hiyo ni nini kwa nyumba yenye watoto wengi. Kuna msamaha wa ada kwa familia zenye kipato kidogo, unaompa mtoto wa gredi ya 11 au 12 SAT mbili za wikiendi bure, pamoja na kutuma alama vyuoni bila kulipa, na kwenye vyuo vingi hata ada ya maombi inafutwa. Mbili ukijumlisha na ile ya shuleni ni tatu, ndo hizo tatu nilizokupangia, hutoi hata senti. Gredi ya 10 msamaha huo haupo. Angalizo moja hapa: kaunsela akikuuliza kama mtoto anapata chakula cha bure shuleni, Michigan tangu mwaka wa shule wa 2023-24 watoto wote wa shule za umma wanakula bure, hicho peke yake hakithibitishi kipato chenu. Mwambie kama mna Bridge Card ya chakula, au mnakaa nyumba ya msaada wa serikali, au mwonyeshe kipato na idadi ya watu nyumbani. Ukikaa kimya unaweza kukosa kitu ambacho ni haki yako.

Na Sabato. Msivunje imani yenu kwa ajili ya huu mtihani, na hamna haja. College Board ina mtihani wa Jumapili kwa wanaoshika Jumamosi, kwa kawaida unakuwa kesho yake. Wakati wa kujiandikisha anachagua Jumapili na anahitaji barua ya kiongozi wa dini yenye kichwa cha kanisa na sahihi. Vituo vya Jumapili ni vichache, kwa hiyo pengine mtaendesha gari mbali kidogo, jiandikisheni mapema, mwezi wa tano au wa sita kwa ajili ya mwezi wa nane, msisubiri wiki ya mwisho.

Sasa mtihani wenyewe uko vipi, kwa ufupi, maana nao umebadilika. Tangu Machi 2024 hapa Marekani unafanywa kwenye kompyuta, programu yake inaitwa Bluebook, saa 2 na dakika 14, maswali 98. Kila upande umegawanywa vipande viwili, na kipande cha pili kinategemea alivyofanya cha kwanza: akifanya vizuri kinakuja kigumu zaidi chenye alama za juu, akiteleza kinakuja chepesi lakini dari lake liko chini. Kwa hiyo kipande cha kwanza asikikimbize, akiangalie vizuri. Na asiache swali tupu hata moja, kukosea hakupunguzi alama. Siku chache kabla ya mtihani wa wikiendi lazima afungue Bluebook amalize maandalizi na apate tiketi yake, na siku yenyewe aende na kitambulisho chenye picha. Upande wa kusoma si makala ndefu tena, ni vifungu vifupi vifupi vya kusoma, kila kimoja na swali lake, na hiyo kwa mtoto wa lugha ya pili ni nafuu kubwa kwa sababu akikwama kwenye kimoja hakimburuzi kwenye vingine.

Mtu atakuambia habari za ACT. Ni mtihani mwingine, alama zake ni 1 hadi 36, vyuo vinaupokea sawasawa na SAT. Kwa binti yako ningebaki na SAT kwa sababu shule yenyewe inampa na PSAT ameshaizoea, kupanda farasi wawili hamna haja.

Kuna swali hujaliuliza ila nadhani lazima nilijibu: je SAT yenyewe ni lazima? Kwa vyuo vingi vya Michigan, hapana. University of Michigan yenyewe na Michigan State hawalazimishi, mtoto anachagua kutuma au kutotuma. Vyuo vya University of California hawaiangalii kabisa hata ukituma. Lakini MIT, Dartmouth, Brown na Harvard wamerudisha sharti la kuleta alama za mtihani, na vyuo vya umma vya Florida wanautaka, kwa hiyo mtoto asiyekuwa na alama yoyote anajifungia milango. Ushauri wangu ni afanye kwa mpango huu, halafu mwezi wa kumi gredi ya 12 mkae muangalie kila chuo alama za wanafunzi wanaoingia ziko wapi: akiwa ndani yake au juu atume, akiwa chini sana asitume, aache gredi za darasani zimsemee. Na gredi za darasani ndo zinaongea zaidi karibu kila mahali. Akianza kupoteza alama za biolojia kwa sababu anakesha na SAT mmefanya biashara mbaya. Ile pesa ya Michigan Achievement Scholarship nayo, inayoweza kufika dola 5,500 kwa mwaka kwenye vyuo vikuu vya umma vya jimbo, haiangalii SAT, inataka mjaze FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa pesa za chuo. Na Grand Rapids Community College iko hapo hapo mjini, inapokea bila SAT, kuna watoto wengi wameanzia kule miaka miwili halafu wakahamia chuo kikuu na hakuna aliyewapunguzia heshima.

Likizo hii sasa afanye nini? Asome. Nusu saa kila siku, kitu chochote cha Kiingereza kilichoandikwa vizuri, habari za sayansi, za historia, za mpira kama anapenda mpira, na daftari la maneno mapya pembeni. Maktaba ni bure. Khan Academy wana mazoezi ya SAT bure, wiki mara mbili inatosha, na mwezi wa kumi na mbili akiwa likizo afanye mtihani mmoja mzima wa mazoezi ndani ya Bluebook, asubuhi, simu mbali, wadogo zake watolewe nje. PSAT na SAT zinatumia kipimo kimoja, 490 ya PSAT ni 490 ya SAT, kwa hiyo mtaona ameongeza kiasi gani bila kukisia.

La mwisho ni lile la kulia usiku, na hili sitaki ulichukulie kama la mtihani tu. Mwambie kwanza hakuna SAT yoyote kabla ya mwezi wa nne mwakani, mara nyingi hilo peke yake linashusha mzigo. Wiki mbili zikipita na bado halali, au ameacha kula, au anaongea vibaya juu ya maisha yake, mpeleke kwa daktari wake na mwone mfanyakazi wa jamii wa shule, ana kwa ana. Akisema anataka kujiumiza usisubiri hata siku moja, pigeni 988, simu iko wazi usiku na mchana. Vilevile kama mwalimu amewahi kukuambia mtoto ana shida ya kusoma au ya umakini isiyo ya lugha, omba kikao mapema mwezi wa tisa, kwa sababu muda wa ziada wa namna hiyo unaombwa College Board na kibali kinaweza kuchukua wiki saba.

Ukienda kumuona kaunsela omba mkalimani wa Kiswahili, shule inapaswa kukupa bila malipo, asiwe binti yako ndo anakutafsiria mambo yake mwenyewe. Nenda na ile karatasi ya PSAT, na maswali yako yaandike kabisa: mwakani anasoma hesabu gani, nani anamwombea muda wa ziada wa EL, na msamaha wa ada tunaupataje. Mchungaji naye muombe hiyo barua mapema, ikae nyumbani kwenye faili.